Mini ya 1966 "ya msanii": uthibitisho kabla ya malipo

Ndugu, muuzaji wako wa Uingereza anataka bei maradufu kwa sababu gari lake dogo, Mini Cooper S, "liliwahi kuwa la msanii", na ushahidi wake ni picha na namba ya usajili. Havitoshi. Uingereza namba ya usajili huhamishika gari hadi gari, na picha haionyeshi namba ya chesisi.

Dai kitabu cha zamani cha kijani cha usajili, kile cha kabla ya kumbukumbu kuanza kuhamia mwaka 1974 kwenye ofisi kuu ya usajili wa magari (leo DVLA): kina majina ya wamiliki na mihuri ya halmashauri. Kisha agiza cheti cha kiwandani kutoka British Motor Museum, makumbusho ya magari yaliyoko Gaydon, Uingereza. Hutaja tarehe ya kuundwa, rangi na namba ya injini, ila mmiliki hakimtaji, kwa hiyo usiuziwe cheti hicho kama ushahidi wa msanii. Linganisha namba na gari lenyewe. Bamba la chesisi limepigwa ribiti tu, hubadilishwa upesi, basi mlipe mkaguzi wa Mini za zamani akague bodi.

Mini ya Ringo Starr, mpiga ngoma wa Beatles, yenye usajili LLO 836D, ilitambulika pia kwa mlango wa nyuma uliowekwa ili ngoma zake ziingie. Tafuta alama ya namna hiyo. Pakiwa na pengo la miaka bila karatasi, lipa bei ya Mini ya kawaida.