Mbio za kupokezana barabarani: pangeni gari kwanza, wakimbiaji baadaye

Mkuu, swali lako nimeliona tangu juzi na wachangiaji karibu wote wanakwambia "wakali wote timu moja, chukueni kombe mrudi nyumbani". Umesema klabu yenu hapo Bagamoyo ina watu kumi na watano, mnataka kuingiza timu tatu za watano watano, na umeuliza mambo matatu: wakali muwachanganye au muwarundike pamoja, nani akimbie mwisho, na mkononi mshike kijiti au mvae kitambaa. Yote nitayajibu. Ila ngoja kwanza nikusimulie yaliyotukuta sisi Tanga, kwa sababu katika uzi mzima sijaona aliyegusa suala la gari.

Klabu yetu ni ya mtaani tu. Tunakutana alfajiri, tunateremka hadi Raskazone, kule baharini, tunarudi kwa njia ya hospitali ya Bombo, kisha kila mtu na riziki yake. Tuna fundi baiskeli, tuna walimu wawili, mama anayekaanga vitumbua (yeye huanza kukimbia akiwa ameshamaliza kazi, sisi ndiyo tunaamka), kijana wa bandarini, na mzee mmoja mstaafu wa reli. Huyo mzee mshike, nitamrudia.

Tukapatana na klabu nyingine za mjini tukimbie kutoka Muheza hadi Raskazone, inakaribia kilomita 40, vipande vitano visivyo sawa. Kifupi kilomita 5, kirefu kilomita 10. Timu tisa kwa jumla, na tatu kati ya hizo ni zetu. Mwezi wa saba tuliuchagua makusudi, kusi inavuma na joto limepungua. Tanga ya Februari hata ukisimama kivulini jasho linakutiririka, sembuse kukimbia. Kibali cha polisi tukakipata, bodaboda wawili wenye bendera nyekundu wakapatikana, namba za kifuani tukachapisha. Kila kitu sawa.

Majaribio tulifanya Jumamosi mbili mfululizo, kilomita 5, saa mkononi. Watano wa kwanza wakawa timu ya kwanza. Timu ya pili tukachanganya, wawili wenye mbio na watatu wa kati. Ya tatu tukampa mzee wa reli aiongoze: mama wa vitumbua, mwalimu mmoja mwenye kitambi, na wageni wawili ambao walikuwa na miezi miwili tu tangu waanze kukimbia. Tuliiita timu ya heshima, na tulicheka tulipoiita hivyo.

Usafiri niliupanga mimi. Nasema mapema ili usitafute wa kumlaumu. Nikakodi Hiace moja, nikawaambia watu kwa kujiamini kabisa kwamba moja inatosha: itafuatana na mbio, inashusha anayekwenda kupokea, inapakia aliyemaliza, inakwenda kituo kinachofuata. Kwenye karatasi ilikuwa nzuri sana.

Tulianza saa 12 na nusu asubuhi. Wa kwanza wetu akatoka Muheza kama mshale, akapokeza akiwa anaongoza. Wa pili naye hakupoteza kitu. Shida ni kwamba timu hazikimbii pamoja, na hili sikuliwaza. Kufika kituo cha pili, timu yetu ya kwanza ilikuwa imeshapita na mkimbiaji wake wa tatu yuko barabarani, ilhali timu ya pili bado haijaonekana. Nikasubiri nimpakie mtu wa timu ya pili. Alipofika akaomba aingie kichakani, tumbo limevuruga. Tukasubiri tena. Tulipoondoka tukajikuta nyuma ya malori yanayokwenda kiwanda cha saruji, na hapo hulipiti lori, kwa sababu upande wa pili kuna lingine linakuja. Dirishani naona mkonge tu na mgongo wa lori. Mkimbiaji wa nne wa timu ya kwanza, yule kijana wa bandarini, amekaa kiti cha nyuma yangu, raba ameshafunga, hasemi neno. Ukimya wake ulinitisha kuliko angenitukana.

Tulipofika Pongwe, kituo cha tatu cha kupokezana, tulimkuta mwenzetu wa tatu amesimama juu ya mstari wa kupokezana, kijiti mkononi, anaangalia kushoto na kulia kama mtoto aliyepotezwa sokoni. Mwalimu aliyekuwa anashika saa pale kituoni alisoma dakika 4 na sekunde 20. Yaani mtu kakimbia kwa nguvu zote, kafika wa kwanza, halafu kasimama zaidi ya dakika nne akishuhudia timu mbili zinampita. Alphonce Simbu, Mtanzania mwenzetu, alichukua dhahabu ya dunia kwenye marathoni kule Tokyo, Septemba 2025, kwa tofauti ya sekunde 0.03 na Mjerumani. Sisi sekunde 260 tumezigawa bure, na hakuna hata aliyekuwa anakimbia.

Hasara ya pili ikazaliwa na ya kwanza. Kijana wa bandarini alitoka pale kwa hasira. Kilomita mbili za mwanzo alizikimbia kama anakwenda kuzima moto, jua likawa limeshapanda, na kabla ya Kange, kituo cha nne, kichomi kikamkamata ubavuni. Akatembea. Timu ya kwanza ikamaliza ya tatu, nyuma ya wa pili kwa chini ya dakika mbili. Hesabu unaweza kuifanya mwenyewe.

Sasa mzee wa reli. Timu yake haikupoteza hata sekunde kwenye kituo chochote, na haikupanda Hiace yangu hata mita moja. Siku tatu kabla alikuwa amechora ratiba kwa kalamu ya wino, saa na dakika, kila kituo na jina la mtu wake, kama ratiba ya treni. Wa Kange ni mwalimu mwenye kitambi, anaishi hapohapo Kange, akatoka nyumbani kwa miguu. Wa Pongwe alilala kwa shemeji yake Pongwe. Waliobaki watatu walipanda Kosta ya alfajiri kwenda Muheza, wawili wakashuka njiani kwenye vituo vyao, mzee akaendelea hadi mwanzo, kwa sababu kipande cha kwanza alikimbia yeye mwenyewe. Kila mmoja alikuwa na chupa ya maji, kanga au fulana ya kujifunika, na nauli ya kurudia mfukoni. Anayemaliza kazi yake anajitafutia usafiri wa kurudi, hakuna wa kumsubiri.

Nilimfuata jioni nikamuuliza aliwaza vipi. Akanitazama kama anayejibu jambo ambalo hata mtoto analijua. "Mgosi, mimi nimefanya kazi kwenye njia moja miaka yote. Kwenye reli ya njia moja, ya kwenda na kurudi, treni haliingii kipande mpaka dereva akabidhiwe kijiti cha kipande hicho. Kijiti kikiwa hapa na dereva yuko kule, huna safari." Halafu akaongeza kwamba Tanga hadi Muheza ndiyo kipande cha kwanza cha reli Wajerumani walichofungua huku, mwaka 1896, na kwamba ni aibu watu wa Tanga kushindwa kusafirisha watu watano kwenye njia ile ile baada ya zaidi ya miaka mia moja na ishirini. Nilikunywa kahawa yangu nikanyamaza.

Kwa hiyo mkuu, kabla ya kugombana nani yuko timu gani, kaeni chini mwandike kila anayepokea atafikaje kituoni nusu saa kabla ya kijiti. Si dakika tano. Nusu saa, kwa sababu anahitaji kupasha misuli, kwenda haja, kunywa maji kidogo. Na gari likilazimika kuwepo, lianze na kituo cha mbali kabisa au lishushe wote njiani kabla mbio hazijaanza, lisifuatane na mbio. Waliomaliza wabaki walipo hadi mwisho. Wakilalamika wanunulieni madafu. Bodaboda anayemfuata mkimbiaji apige simu kituo kinachofuata mkimbiaji akibakiza kilomita moja, hapo anayesubiri ndipo anavua fulana na kuanza kuruka ruka. Hamjui kinavyochosha kupasha misuli dakika arobaini ukidhani mtu wako anatokea kila kona.

Swali lako la kwanza. Timu yetu ya pili, ile ya mchanganyiko, ilimaliza ya nne, sekunde 50 tu nyuma ya timu ya kwanza iliyorundikiwa wakali wote. Najua utaniambia bila yale madudu ya Pongwe wangeachana mbali, na ni kweli. Lakini mimi nimeegemea kuchanganya mnapokuwa na timu tatu, kwa sababu moja ya kibinadamu: timu ya wabovu watupu inakimbia peke yake barabarani kilomita nzima nzima, hakuna wa kumfukuza wala wa kumkimbia, na wale wageni mwezi unaofuata huwaoni tena. Kama shida yenu ni kombe tu, rundikeni. Ni klabu yenu.

Ila kuchanganya kuna hesabu yake. Chukua mtu wa dakika 4 na nusu kwa kilomita, na mwingine wa dakika 6 na nusu. Tofauti yao ni dakika 2 kila kilomita. Ukimpa mzito kipande cha kilomita 10 na mwepesi kile cha kilomita 5, umepoteza dakika 10 ukilinganisha na kuwabadilisha. Dakika 10! Hakuna mazoezi ya wiki sita yatakayokupa hizo. Sisi timu ya pili tulikosea hapo pia, tulimpa fundi baiskeli kipande kirefu kwa sababu aliomba na ni mtu wa watu.

Wa mwisho nani? Watu wanapenda kumweka mwenye kasi kuliko wote, kama kwenye mita 100 mara 4 uwanjani. Barabarani kwetu wa mwisho ndiye anayekula jua. Timu ya kwanza ilimaliza saa tatu na kitu, timu ya mzee saa nne na nusu, na saa hizo lami ya Tanga inachoma hadi ndani ya raba. Mweke mtu anayelivumilia joto na anayejua kukimbia peke yake bila kuona mtu mbele. Sisi wa mwisho wa timu ya heshima alikuwa mwalimu mwenye kitambi, kutoka Kange hadi Raskazone. Alipopita Bombo watu waliokuja kuona wagonjwa walitoka nje wakampigia makofi, akadhani anaongoza. Timu yake ilikuwa ya nane. Hatukumwambia hadi alipokunywa maji.

Mwenye kasi kuliko wote mimi ningempa kipande kirefu zaidi, popote kilipo. Basi.

Kijiti au kitambaa. Wajapani, ambao mbio hizi za barabarani ndiyo mapenzi yao, wanavaa kitambaa kinachopita begani hadi kiunoni, wanakiita tasuki. Mbio zao maarufu za wanafunzi wa vyuo vikuu, Hakone Ekiden, zilianza 1920: wakimbiaji kumi, siku mbili, zaidi ya kilomita 200 kwenda na kurudi. Timu ikichelewa mno kituoni, anayesubiri haachwi asubiri hadi jioni, anaanzishwa na kitambaa kingine, na yule anayekuja nyuma anafika na cha timu yake mkononi hana wa kumpa. Niliposoma hilo nilimkumbuka mwenzetu wa Pongwe.

Uzuri wa kitambaa ni kwamba mikono inabaki huru na jasho halikiteleshi. Kijiti cha uwanjani ni cha sentimita 28 hadi 30 na gramu zisizopungua 50, kitu chepesi, lakini kilomita 10 nacho mkononi, kimelowa jasho, utakichukia. Wetu wawili walikidondosha, kikaingia mtaroni, wakarudi kukiokota. Kwa vipande vya zaidi ya kilomita 5 nendeni na kitambaa, kipande cha khanga kinatosha, rangi tofauti kwa kila timu ili anayepokea aione kwa mbali. Muwafundishe tu kukivua mita mia kabla ya mstari, wakikunje mkononi, wasifike pale wakaanza kuhangaika nacho shingoni.

Na kimbieni upande wa kulia, mnatazamana na magari. Barabara yenu ya Mapinga na Kerege nayo malori hayakosi.

Mwaka huu tunarudia. Ratiba kapewa mzee wa reli, ameshaianza. Mimi nimepokonywa gari, nimepangiwa ndoo ya maji kituo cha Pongwe, na nimeagizwa nilale hukohuko tangu usiku.