Nimekariri istilahi zote, mbona bado sielewi tamthilia?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Ninasoma Juliasi Kaizari, tamthilia ya Shakespeare katika tafsiri ya Mwalimu Nyerere, pamoja na kitini chenye istilahi 120 za fasihi. Nimezikariri zote na maana zake. Lakini nikiambiwa nieleze takriri na kinaya katika hotuba ya Antony, naandika mistari miwili naishiwa. Je, niongeze istilahi, au nitafute kamusi nzuri zaidi?

JIBU: Marahaba. Usiongeze hata moja. Fungua hicho kitini penye neno takriri. Sijakiona, ila vitini vya namna hiyo huandikwa hivi: takriri ni kurudiarudia neno au kifungu, dhima yake ni kusisitiza ujumbe. Hiyo sehemu ya pili ndiyo iliyokufunga. Nimeikuta kwenye kazi za wanafunzi miaka na miaka, neno kwa neno, chini ya tamthilia hii na chini ya nyingine zote, na kila mara naumia, kwa sababu aliyeiandika kwa kawaida ni mwanafunzi mwenye bidii.

Twende kwenye hotuba yenyewe. Caesar, yaani yule Kaizari wa tafsiri yako, ameuawa. Brutus ameshaueleza umati kwa nini amemwua, na umati umeridhika. Antony, rafiki wa Caesar, anaruhusiwa kuhutubia kwenye mazishi kwa sharti kwamba asiwalaumu wauaji. Basi anawasifu. Brutus amesema Caesar alikuwa na tamaa ya ukubwa, na Brutus ni mtu wa heshima. Mara ya kwanza sifa hiyo inapita kama sifa. Kisha Antony anakumbusha kwamba Caesar alileta mateka Roma, na fidia zao zikajaza hazina ya umma. Hiyo ndiyo tamaa? Maskini walipolia, Caesar alilia nao. Lakini Brutus amesema ni tamaa, na Brutus ni mtu wa heshima. Alipewa taji mara tatu, mara tatu akalikataa. Na Brutus, bila shaka, ni mtu wa heshima.

Kifungu ni kilekile. Kinachobadilika ni kile kinachowekwa mbele yake, na kila safari kinakuwa kizito zaidi, mpaka raia mmoja katika umati anapayuka kwamba wale walikuwa wasaliti, kisha anayatamka maneno "watu wa heshima" kama anayatema. Sasa niambie, Antony alikuwa anasisitiza heshima ya Brutus? Alikuwa anaimomonyoa kidogo kidogo. Takriri hapa ndiyo chombo, na kinaya, yaani maneno kusema jambo moja huku ukweli uko kinyume, ndicho kilichojengwa nacho. Ndiyo maana ukavitenganisha ukaishiwa maneno: uliulizwa juu ya vitu viwili, kumbe kazi ni moja.

Na tafadhali usiniandikie kwamba Antony "anamkejeli" Brutus. Kejeli ni dharau ya wazi. Antony asingeithubutu mwanzoni, kwa sababu kabla hajaanza kuna raia anayesema ni heri asimtaje Brutus kwa ubaya hapo. Kinaya kilimpa nafasi ya kusema lisilosemeka huku akitimiza sharti. Ukitaka kinaya kisicho na dharau yoyote, rudi asubuhi ya siku ileile nyumbani kwa Caesar. Anamwambia Trebonius, mmoja wa waliopanga kumwua, akae karibu naye ili asimsahau. Trebonius anaitika, kisha pembeni, kwa maneno tunayoyasikia sisi tu, anasema atakaa karibu kiasi kwamba marafiki wa Caesar watatamani angekuwa mbali. Hakuna anayechekwa pale. Sisi tunajua, Caesar hajui, basi.

Umeuliza pia habari ya kamusi. Kamusi itakusaidia kwa maneno usiyoyajua. Linalokuponza katika tamthilia ya zamani ni neno unalodhani unalijua. Chukua Kaizari. Msomaji wa Kiswahili amelizoea Kaisari la Biblia, yaani mtawala mkuu wa Warumi, kwa hiyo anafungua tamthilia akidhani anayeuawa ni mfalme. Hapana. Wakati ule Caesar lilikuwa jina la ukoo. Kuwa cheo kulikuja baadaye. Wanaomwua wanamwua asije akawa mfalme. Ukilikosa hilo, huwezi kuona kinachotokea Brutus anapomaliza hotuba yake ya kupinga utawala wa mtu mmoja: raia mmoja anashangilia, huyu naye afanywe Caesar! Wamemwelewa kinyume kabisa, na bado wanampigia kelele za furaha. Hiyo ni moja ya sentensi chungu kuliko zote katika mchezo mzima, na sijaona kitini kinachoitaja. Nyerere mwenyewe aliitoa tafsiri yake 1963, akairudia, akaitoa tena 1969. Mtu aliyekwisha kuitafsiri tamthilia yote aliona bado kuna la kurekebisha. Wewe unauziwa kitini kwa ahadi kwamba jioni moja inatosha.

Wanaouza hizo orodha hawakudanganyi kuhusu maana za istilahi. Nyingi ziko sahihi. Wanakudanganya kwamba istilahi ina dhima moja isiyohama, kwamba taharuki (hamu ya kujua kitakachofuata) ni ya kuvutia msomaji, tashbihi (kufananisha vitu kwa neno kama "mithili ya") ni ya kupamba lugha, na takriri ni ya kusisitiza. Mwanafunzi akishalimeza hilo, anaacha kuisoma tamthilia na kuanza kuwinda mifano. Anayeuliza swali zuri akijibiwa kwa orodha mara kumi, mwisho anaacha kuuliza, na hapo hata mwalimu mzuri anapata taabu kumrudisha.

Kwa hiyo weka kitini kando wiki hii. Soma onyesho la tatu la tendo la tatu. Ni fupi mno. Umati uliotoka kumsikiliza Antony unakutana na mshairi anayeitwa Cinna. Mmoja wa waliomwua Caesar naye anaitwa Cinna. Anajitetea kwamba yeye ni Cinna mshairi. Mtu anajibu, basi araruliwe kwa mashairi yake mabaya. Anajitetea tena kwamba si yule, anajibiwa kwamba si kitu, jina lake ni Cinna. Andika kwa maneno yako nani anajua nini, nani hajui, na ni wapi ulitaka kucheka ukajizuia. Ukishamaliza, ndipo utafute istilahi, kisha uniletee nione umechagua ipi.