Mjomba Fundi anajibu: Programu ni ya simu tu, hili faili la kompyuta limetoka wapi?

SWALI: Shikamoo Mjomba Fundi. Mimi ni mshonaji, na usiku huwa natengeneza video fupi za kufundisha ushonaji. Nazihariri kwa programu ya simu niliyoizoea sana, lakini kioo kidogo kinanichosha macho, na kuandika maelezo kwa kidole gumba ni adhabu. Nikatafuta mtandaoni toleo lake la kompyuta. Nilikoipakulia wanasema ni ya simu na vishikwambi tu, ila nilikuta tovuti yenye nembo ileile na kitufe kikubwa cha kijani kinachosema "Pakua kwa Windows". Maelezo yalinitaka nizime kwanza kinga ya virusi, eti inakosea kulitambua faili. Sikuizima. Faili lilishuka, jina lake linaishia na .apk. Nilipolibofya mara mbili, Windows ikaniuliza kama naruhusu programu ya mtoaji asiyejulikana ibadilishe mambo kwenye kompyuta. Nikaogopa, nikabofya Hapana. Je, nimeshaharibu? Na ipo njia salama ya kuitumia programu yangu kwenye kompyuta?
Mshonaji wa Usiku

JIBU: Marahaba, mpwa. Hujaharibu, na hicho kidole kilichobofya Hapana kipewe heshima yake.

Tuanze na faili, maana wengi wanaoniandikia wamekutana na ndugu zake. Faili la .apk ni kifurushi cha Android. Windows yenyewe haijui kulifungua. Ukilibofya itakuuliza ulifungue kwa programu ipi, na mambo yanaishia hapo. Haiwezi kukuomba ruhusa ya kubadilisha kompyuta, kwa sababu hakuna kilichoanza kufanya kazi. Ukiona ombi hilo, ulichobofya kwa kawaida ni .exe, yaani programu ya Windows. Ila Windows ina tabia moja ambayo sijawahi kuipenda: isipoambiwa vinginevyo, huficha mwisho wa majina ya faili inazozifahamu. Faili likiitwa video.apk.exe, wewe unaona video.apk, na waliolitengeneza wanalijua hilo vizuri. Fungua folda yoyote, ingia kwenye menyu ya mwonekano, washa kuonyesha viendelezi vya majina ya faili, na usiizime tena.

Ulipokataa, Windows haikuliendesha. Lifute, mwaga na pipa la taka, halafu fungua Usalama wa Windows na uchague ule ukaguzi wa Microsoft Defender unaofanyika kompyuta ikijiwasha upya, kabla Windows haijaamka. Unachukua kama robo saa. Kaa na sindano yako, usubiri.

Wasomaji waliobofya Ndiyo (najua mpo) wasianze kubadilisha manenosiri kwenye kompyuta hiyohiyo. Tumieni simu au kifaa kingine kisafi, anzeni na barua pepe, kisha toeni vifaa vyote vilivyoingia kwenye akaunti. Watu husahau hili la pili. Programu nyingi za wizi hubeba manenosiri yaliyohifadhiwa kwenye kivinjari pamoja na vidakuzi, yaani vijifaili vinavyoikumbusha tovuti kwamba umeshaingia, na mwenye kidakuzi chako anaweza kuingia bila kuulizwa nenosiri wala namba ya siri ya ujumbe. Kompyuta yenyewe, mimi ningeifuta na kuipandikiza Windows upya. Kubahatisha kama imepona ni kazi inayochosha kuliko hiyo.

Kuhusu lile agizo la kuzima kinga: ni kweli kinga hukosea mara mojamoja. Lakini mtengenezaji mwenye jina la kulinda huenda kulalamika kwa kampuni ya kinga hadi kosa lirekebishwe. Hakutumi wewe uizime. Na programu ambayo mwenyewe amesema ni ya simu tu, toleo lake la kompyuta linatoka kwa nani? Mwenye kiwanda akisema hashoni suti za watoto, halafu ukauziwa barabarani suti ya mtoto yenye nembo yake, wewe mshonaji huhitaji kuambiwa.

Njia ya kuhakikisha ni fupi. Fungua ukurasa wa programu ndani ya Play Store au App Store kwenye simu yako, shuka hadi penye mawasiliano ya msanidi, ufuate kiungo cha tovuti yake kutoka hapo. Kama kuna toleo la kompyuta au la kivinjari, litakuwa huko. Matoleo ya kivinjari hayakosekani: video ya TikTok unaweza kuipandisha kutoka kwenye kivinjari cha kompyuta, na Instagram nayo iliruhusu hivyo mwaka 2021. Usianzie kwenye injini ya utafutaji, kwa sababu matokeo ya juu kabisa mara nyingi ni matangazo, na tangazo hununuliwa na yeyote.

Sasa tuseme umeangalia na hakuna. Wewe unataka nini hasa? Nimesoma barua yako mara mbili: unataka kioo kikubwa na kibodi. Hujasema unataka programu ihamie kwenye kompyuta. Basi iache palepale ilipo, ulete kioo tu.

Kwa simu ya Android, chombo ninachokiamini kwa kazi hii kinaitwa scrcpy. Kinatolewa bure na Genymobile na msimbo wake uko wazi. Hakiweki programu ya kudumu kwenye simu, hakidai akaunti, hakina matangazo, na kwa waya wa USB hakihitaji hata intaneti. Simu inabaki ndiyo inayofanya kazi. Kompyuta inaonyesha picha ya kioo chake na kupeleka mibofyo na herufi zako. Kinataka Android 5.0 au zaidi, na sauti inakuja kwenye kompyuta kuanzia Android 11. Kipakue kwenye ukurasa wa Genymobile ulioko GitHub tu. Wenyewe wameandika onyo hapo kwamba tovuti nyingine, hata zenye neno scrcpy kwenye anwani, si zao.

Kwenye simu, ingia Mipangilio, Kuhusu simu, gusa nambari ya muundo mara saba. Itatokea mipangilio mipya inayoitwa chaguo za wasanidi; humo washa utatuzi wa USB. Chomeka waya, fungua scrcpy, na simu itakuuliza kama unaiamini kompyuta hii. Hapo soma kabla ya kugusa. Ruhusu, lakini kile kisanduku cha kuruhusu kompyuta hii kila wakati usikiweke alama isipokuwa kompyuta ni yako peke yako. Utatuzi wa USB ni mlango mpana: kompyuta iliyoruhusiwa inaweza kusakinisha programu kwenye simu yako na kunakili faili zako. Kwa hiyo ukimaliza kazi ya usiku, uzime. Kama umewahi kuwasha kwenye kompyuta ya ofisini au ya rafiki, hapohapo kuna chaguo la kubatilisha ruhusa zote zilizotolewa, litumie leo. Na usichomeke simu yenye utatuzi uliowashwa kwenye tundu la kuchajia usilolijua.

Baadhi ya simu, Xiaomi kwa mfano, zitaonyesha picha lakini zikatae kipanya. Humohumo kwenye chaguo za wasanidi zina swichi ya pili ya utatuzi wa USB inayohusu usalama. Bila hiyo utatazama tu. Video iliyokamilika ihamishe kwa waya uleule. Na ukitaka kuingiza picha kwenye simu, iburute kutoka kwenye folda uiachie juu ya dirisha la scrcpy, itaangukia kwenye folda ya vipakuliwa.

Utaambiwa pia kuhusu emuleta, yaani programu inayojenga simu ya bandia ya Android ndani ya kompyuta, kama BlueStacks. Sizipingi. Kwa mtu asiye na simu yenye nguvu ndiyo njia iliyobaki. Lakini kwako naziweka nyuma, na sababu yangu ni hii. Februari 2021 watafiti wa ESET walieleza jinsi wavamizi walivyoingia kwenye njia ya kusambazia masasisho ya NoxPlayer, emuleta inayotumiwa na watu wengi, wakawapelekea programu za upelelezi watumiaji wachache waliochaguliwa barani Asia. Watu wale hawakupakua uchafu mahali pa ovyo. Walikubali sasisho la kawaida. Emuleta ni programu nzito yenye ruhusa kubwa kwenye kompyuta yako, na akaunti yako ya Google imelala ndani yake.

Ukilazimika, fungua akaunti mpya ya Google ya humo tu, isiyo na barua wala namba za watu wako. Chukua emuleta kwa mtengenezaji mwenyewe, na kabla ya kuisakinisha bofya faili kwa kitufe cha kulia, tazama sifa zake, uhakikishe sahihi ya dijitali ina jina la kampuni hiyo. Kataa kila "zawadi" inayopendekezwa njiani. Ruti, yaani ruhusa ya juu kabisa ya kubadilisha mfumo wa Android, ibaki imezimwa. Folda inayoshirikiwa kati ya emuleta na kompyuta iwe moja tu yenye video, si nyaraka zako zote. Programu ya video uichukue kwenye Play Store iliyo ndani, na uachane na yale matoleo "yaliyofunguliwa" ambapo kila kitu cha kulipia ni bure: kila apk hutiwa sahihi kwa ufunguo wa msanidi, na aliyeigeuza hana ufunguo huo, hivyo huitia sahihi kwa wa kwake. Kuanzia hapo unamtegemea yeye, mtu usiyemjua hata jina.

SWALI: Mjomba, niliambiwa Windows 11 inaendesha programu za Android bila emuleta. Naitafuta siioni. Kompyuta yangu ina tatizo?

JIBU: Haina. Microsoft iliifunga huduma hiyo tarehe 5 Machi 2025. Tovuti zinazogawa nakala zake zilizochezewa zipo, na msimamo wangu juu yake umeshausoma hapo juu. Kwa wenye Mac za chipu za Apple, kuanzia M1 ya mwaka 2020, baadhi ya programu za iPhone na iPad hupatikana moja kwa moja kwenye App Store ya Mac, msanidi akiruhusu. Na macOS Sequoia ikiwa na iPhone ya iOS 18 inaweza kuonyesha kioo cha simu kwenye kompyuta bila kuongeza chochote, ingawa si kila nchi.

SWALI: Nimefuata ushauri wako wa toleo lililopita, nikaona simu yangu kwenye kompyuta vizuri. Lakini nikifungua programu fulani ya filamu, dirisha linakuwa jeusi tupu, sauti naisikia. Nimevamiwa?

JIBU: Hapana, ni programu yenyewe. Android humruhusu msanidi kuweka alama kwamba dirisha lake lisipigwe picha wala kuonyeshwa mahali pengine. Programu za benki na za filamu hupenda kuitumia. Mtu akikuuzia "dawa" ya hilo, atakutaka uifungue simu ruti. Filamu hiyo itazame kwenye simu, au angalia kama wenyewe wana tovuti ya kutazamia kwenye kivinjari.