Hii iko ya watu, haiko ya dubu

Mwaka wangu wa kwanza Alaska nilinunua bastola kabla sijanunua ndoana. Nilikuwa nimehamia Anchorage kutoka Morogoro, na kila niliyemwambia naenda kuvua samoni mto Russian, kule rasi ya Kenai, aliniuliza: una nini cha dubu? Nikaingia dukani, nikatoka na rivolva nyepesi, bastola ya silinda inayozunguka, ya .44 Magnum (aina ya risasi kubwa zenye nguvu), na boksi la risasi zake. Muuzaji alisema zinaua chochote.

Pale mtoni nilikuwa na mzee mmoja wa Bukavu, Kongo, tunamwita Papa kama ilivyo desturi ya kwao. (Shikamoo yangu huwa anaipokea kwa kicheko.) Akaomba kuziona. Akatoa moja, akaigeuzageuza kwa vidole vilivyojaa magamba ya samaki, akachomeka ukucha kwenye kitundu cha kichwani.

"Mtoto yangu, hii iko ya watu. Haiko ya dubu."

Alikuwa sahihi kabisa. Risasi yenye tundu kichwani ikigonga mwili hufumuka kama uyoga. Kwa jambazi ndicho kinachotakiwa: nguvu yote iishie ndani yake, isitokee upande wa pili ikampata jirani. FBI, wapelelezi wa serikali ya Marekani, wanapoipima huipiga kwenye jeli nzito na hutaka izame inchi 12 hadi 18, yaani sentimita 30 hadi 46 hivi. Sasa mfikirie dubu wa kahawia anakujia uso kwa uso. Kuna manyoya, mafuta, nundu ya misuli mabegani, mifupa minene, ndipo ufike kwenye moyo na mapafu. Risasi iliyofumuka mapema inaishia njiani.

Kinachotakiwa ni risasi isiyofumuka, yenye pua bapa. Sisi Waswahili tunaiita risasi kwa sababu ya madini yenyewe, lakini madini hayo yakiwa matupu ni laini mno. Hizi huchanganywa na bati na antimoni zikawa ngumu, au hutengenezwa kwa shaba tupu. Pua bapa hukata nyama badala ya kuisukuma kando, na husaidia risasi kwenda moja kwa moja. Uzito wake husomwa kwa greni, na greni 7,000 ni ratili moja. Kwa .44 ya kawaida utakuta 240. Wanaojiandaa kwa dubu hupanda hadi 300 na zaidi, kama gramu 20. Kwa bastola za 10 mm watu hutumia 200 hadi 220. Mimi nasema usihangaike sana na ukubwa wa kaliba, yaani upana wa risasi. Mwaka 2016 mwongoza wageni mmoja wa Alaska alimuua dubu wa kahawia kwa bastola ya 9 mm, akiwa na risasi hizo hizo ngumu. Sikushauri uanzie hapo, ila ujue kwamba umbo la risasi lina neno.

Basi nikabadilisha boksi, nikaenda kiwanja cha shabaha nikijiona nimemaliza kazi. Risasi ya kwanza ilinipiga teke hadi kiganja kikafa ganzi. Ya nne haikutoka kabisa. Nikavuta, nikavuta, silinda imegoma kuzunguka. Nilipoichungulia kwa mbele nikaona pua ya risasi moja imechomoza nje ya tundu lake na kuganda kwenye fremu. Sababu yake ni hii: bastola nyepesi inaporuka nyuma kwa nguvu, maganda huruka nayo, lakini vichwa vizito vya risasi hubaki palepale, na kila mlio huvichomoa kidogo kwenye maganda yake. Pale kiwanjani ni aibu tu. Mtoni ungekuwa umeshika chuma kisicho na kazi.

Kwa hiyo ukinunua rivolva, jaza silinda, piga zote ubakize moja, kisha ipime urefu hiyo moja kwa kalipa, kifaa cha kupimia vitu vidogo, ulinganishe na mpya kutoka kwenye boksi. Ikiwa imerefuka, hiyo risasi na bastola yako haziendani. Mimi nilihamia bastola ya 10 mm ya magazini, nzito kidogo na naimudu kwa risasi mfululizo. Nayo ina lake: baadhi ya mitutu ya kisasa haitaki risasi ambazo kichwa chake hakikuvikwa shaba, kwa kuwa madini hubaki yameganda ndani. Soma kitabu cha bastola yako. Na usiamini boksi ambalo hujalipiga. Mimi nilichoma zaidi ya hamsini za aina ileile kabla ya kuipeleka mtoni, na ziliniuma mfukoni.

Wenzangu wa nyumbani hunicheka: nani anamwendea nyati na bastola? Kweli, askari wa hifadhi anayekutembeza kwa miguu hubeba bunduki ndefu, na hata huku wengi hubeba hiyo. Ila mvuvi mikono yote iko kwenye fimbo ya kuvulia. Bastola inakaa kifuani, haikuzuii.

Hata hivyo mkono wangu wa kwanza hauendi kwenye bastola. Unakwenda kwenye kopo la pilipili ya kupuliza lililo kiunoni. Watafiti waliochapisha matukio ya Alaska mwaka 2008 walikuta pilipili ilimzuia dubu wa kahawia katika asilimia 92 ya matukio. Waliporudi mwaka 2012 na matukio ya silaha, bastola zilifaulu kwa asilimia 84. Hiyo si mbio za kushindanisha moja kwa moja, lakini dubu anakimbia kama mita 15 kwa sekunde, na wingu la pilipili halihitaji shabaha kali. Kasoro zake: upepo unaweza kukurudishia, na kwenye ndege za abiria kopo haliruhusiwi, hata kwenye begi la chini.

Pia kuna sheria. Ukimuua dubu kwa kujitetea Alaska unatakiwa kutoa taarifa, umchune, na ukabidhi serikalini ngozi yenye kucha zake pamoja na fuvu. Kama ulimvuta mwenyewe kwa kuacha samaki na taka ovyo, kujitetea huko hakuhesabiki. Na mwenye viza ya muda kwa kawaida haruhusiwi kushika silaha wala risasi Marekani, isipokuwa kwa vighairi vichache kama leseni ya uwindaji. Muulize mwanasheria kabla ya kumuuliza muuzaji.

Julai iliyopita dubu alitoka kwenye majani, kama mita 30 kutoka kwetu. Nilishatoa kizuizi cha kopo. Papa aliinua samaki wetu kutoka majini, akarudi nyuma polepole akisema kwa sauti ya mtu anayeongea na mpangaji mwenzake, "Pita, baba, pita." Dubu akaingia mtoni chini yetu, akakamata wake, akaondoka naye akimning'iniza mdomoni. Tulingoja robo saa ndipo tukarusha tena.