Ruwenzori baada ya Kilimanjaro

Umeuliza kama safu ya Ruwenzori ina jipya kwa mtu aliyekwisha kupanda Kilimanjaro. Ninalo tayari jibu la ndiyo, mradi ukubali kutembea katika matope. Kilimanjaro ni volkano iliyosimama peke yake, ilhali Ruwenzori, iliyo mpakani mwa Uganda na Kongo, ni bonge la mwamba wa kale lililoinuliwa na misukosuko ya Bonde la Ufa, nalo limebeba milima kadhaa, ikiwemo Stanley, Speke na Baker. Stanley ndio mlima wa tatu kwa urefu barani Afrika, na kilele chake cha Margherita, chenye mita 5,109, kilifikiwa mwaka 1906 na msafara wa Kiitaliano.

Mzunguko wa matembezi unaoanzia Nyakalengija, kijiji kilicho chini ya milima upande wa Uganda, huchukua takriban wiki nzima. Kinachochosha zaidi, kwa maoni yangu, ni kinamasi cha Bigo, ambako mguu ukikosea kishungi cha nyasi huzama hadi gotini, na ndiyo maana wapagazi wa Kikonzo, wenyeji wa milima hiyo, huvaa buti za mpira na kuviacha viatu vya bei kubwa kwa wageni. Juu zaidi utapita kati ya mimea ya lobelia iliyo mirefu kuliko mtu, iliyofunikwa na ukungu.

Nenda Januari au Julai, mvua inapopungua. Kukoma kabisa haikomi. Ukikusudia kufika Margherita, hakikisha umepata vyuma vya kufunga chini ya viatu, kwa kuwa barafu, ingawa inazidi kupungua, bado ni ya kuvuka.