Uvimbe hauna tumbo: mzunguko, mmeng'enyo na kuwaka

SWALI: Ninaishi Moshi na nimeombwa kutafsiri karatasi ya maelezo kwa wagonjwa wa saratani. Nimeandika: "Vipimo hivi huonyesha mzunguko wa damu na mmeng'enyo wa uvimbe, penye ugonjwa pataonekana panawaka." Muuguzi aliyeisoma alicheka asiniambie kosa liko wapi. Naomba msaada.

JIBU: Nadhani kilichomchekesha ni huo mmeng'enyo. Kumeng'enya ni kazi ya tumbo na utumbo: bakuli la mtori huvunjwavunjwa humo mpaka virutubisho vyake viingie katika damu. Uvimbe hauna tumbo. Kinachochunguzwa ni namna seli zake zinavyokitumia kile ambacho damu imekwisha kukileta, na jambo hilo wataalamu wa baiolojia huliita umetaboli. Kwa kuwa neno hilo litamtisha mgonjwa, mwandikie tu "jinsi uvimbe unavyotumia sukari", maana katika kipimo cha PET, yaani picha inayofuatilia dawa yenye mionzi mwilini, ndicho hasa kinachotazamwa: mgonjwa aliyekaa bila kula kwa saa sita hivi hudungwa sindano ya glukosi iliyoundwa pamoja na florini-18, ambayo nguvu yake ya mionzi hupungua kwa nusu kila dakika 110 hivi, akapumzika kama saa moja, kisha akapigwa picha. Mwanabaiokemia Mjerumani Otto Warburg alikwisha kuonyesha katika miaka ya 1920 kwamba seli za saratani hutumia glukosi kwa wingi usio wa kawaida.

Mzunguko nao ni wa mwili mzima, kwani kinachozunguka hurudi kilikoanzia, na damu huanzia moyoni ikarudi moyoni. Kiasi cha damu kinachopita ndani ya uvimbe kwa dakika ni mtiririko. Wewe unayeishi chini ya Kilimanjaro unaijua mifereji ya Wachagga: maji kufika kihambani, kwenye shamba la nyumbani, ni jambo moja, na mgomba kuyanywa ni jingine. Ndivyo ilivyo hapa, na ndiyo maana hata upimaji hutofautiana. Mtiririko huweza kupimwa kwa CT au MRI, mashine nyingine za kupiga picha za ndani ya mwili, kwa kufuatilia sekunde baada ya sekunde dawa inayofanya mishipa ionekane, au kwa PET yenye maji ya oksijeni-15, ambayo nayo ina mionzi. Upo uvimbe unaopata damu kidogo huku ukitumia glukosi nyingi, kwa hiyo maneno mtiririko na umetaboli hayabadilishani nafasi.

Kuhusu kuwaka, ningekusihi uache. Kinachowaka ni moto au taa, na mgonjwa aliyelala ndani ya mashine asidhani anaungua. Tena picha nyingi za PET huchapwa nyeusi juu ya nyeupe, hivyo penye glukosi nyingi huonekana peusi. Kiswahili kina kukolea, kitenzi tunachokitumia kwa rangi na kwa sukari ya chai vilevile. Sijui kingine kinachofaa zaidi hapa. Usiandike, hata hivyo, kwamba penye kukolea pana saratani, kwa sababu ubongo na kibofu hukolea hata kwa mtu mzima wa afya, na kifua kikuu pia huweza kukolea.

Basi iandike hivi: "Kipimo cha kwanza huonyesha mtiririko wa damu ndani ya uvimbe. Cha pili huonyesha jinsi uvimbe unavyotumia sukari. Panapotumia nyingi patakolea kwenye picha, na daktari atakueleza maana yake."