Kabla Hujakitupa Kikopo cha Dawa

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia usiku wa manane: "Dada, nasikia imetoka sindano ya VVU ya mara mbili kwa mwaka. Vidonge vimenichosha. Niviache niisubiri?" Nikamjibu palepale: usiache hata kimoja. Halafu usingizi ukanipaa, maana swali lake nililibeba mimi mwenyewe miaka mingi.

Ninatumia dawa za kufubaza VVU tangu 2014. Nilianza na kidonge kimoja cha usiku chenye efavirenzi ndani yake, na aliyewahi kukimeza anazijua zile ndoto. Nilikuwa naamka nimelowa jasho, kichwa kinazunguka. Miaka mitano baadaye nikahamishiwa kidonge chenye dolutegraviri, ndoto zikaisha. Mwili ukatulia. Kilichobaki kunitesa ni kikopo.

Kikopo cha dawa kinalia. Ukitembea nacho, kinalia. Ukipanda gari, kinalia. Nilijaza pamba, nikabandua lebo, mwishowe nikavihamishia vidonge kwenye chupa ya vitamini. Siku moja wifi yangu aliikuta chupa ile kwenye mkoba wangu, akaitikisa mbele ya wageni, akauliza, "Na hivi ni vya nini, mbona havifanani na vitamini?" Sebule nzima ikanyamaza. Nikasema ni vya kuongeza damu. Wifi, kama unasoma hapa, sijasahau.

Tangu siku hiyo nikawa naenda kwenye shughuli za ukoo bila dawa. Safari moja nilikaa siku nne sijameza kitu. Kipimo cha wingi wa virusi kilichofuata kilirudi salama, virusi havionekani, lakini nilijua nimestiriwa tu.

Kwa hiyo daktari aliponitajia sindano, nilikubali kabla hajamaliza kusema. Ni sindano mbili kwa siku moja: kabotegraviri tako hili, rilpivirini tako lile. Mwezi mmoja baadaye unachomwa tena, kisha kila baada ya miezi 2. Zinauma, sikudanganyi. Siku tatu za kwanza nilikaa kwa kuegemea, na kivimbe kigumu nilikipapasa wiki nzima. Ila nyumbani hakikuwepo kitu cha kutikiswa. Nililala kama mtoto. Kwenye kikundi chetu cha kusaidiana nikatangaza kwamba mimi na vikopo basi, na mwenzangu mmoja akaniambia, "Umeanza kujiona." Iliniuma, kwa sababu nilikuwa nimeanza kweli.

Kisha ukatokea msiba upande wa mume wangu, na tarehe yangu ya kuchomwa ikaangukia katikati ya safari. Sindano hii ina nafasi ya siku 7 kabla ya tarehe yako na siku 7 baada yake. Safari yetu ilizidi hapo. Nikapiga simu kliniki mapema, wakanipa vidonge vya kushikiza mpaka nirudi. Kikopo kikarudi mkobani, kinalia vilevile, naelekea nyumba ileile ya wifi. Mara hii sikuruka hata siku moja. Nilikuwa namezea bafuni, maji kiganjani, mlango nimeufunga kwa komeo.

Hapo ndipo akili yangu ilipofunguka. Sindano imeniondolea kila siku, haikuniondolea tarehe. Tena tarehe hii ni kali kuliko kidonge kilichosahaulika, kwa sababu dawa ya sindano hubaki mwilini hata mwaka na zaidi, ikipungua kidogo kidogo. Ukipotea bila kuchomwa na bila kumeza, kirusi kinabaki na dawa hafifu isiyotosha kukizima, na hapo ndipo kinapojifunza usugu. Kabotegraviri na dolutegraviri ni ndugu. Kirusi kikizoea mmoja, mwingine naye anaweza kukosa nguvu. Wapo wachache ambao virusi huwapanda hata wakichomwa kwa wakati. Kwa hiyo kipimo cha wingi wa virusi hakina likizo, si kwa wa sindano, si kwa wa kidonge.

Sasa wewe uliyeniandikia. Sindano uliyoisikia ni lenakapaviri. Juni 2025 Marekani iliiidhinisha kwa kinga, yaani kwa mtu asiye na VVU. Sisi tulio navyo hatutibiwi nayo peke yake: tangu 2022 imeruhusiwa kwa wenye virusi sugu kwa dawa nyingi, na lazima iambatane na dawa nyingine. Ukiacha vidonge uisubiri, unavisubiri virusi.

Ile ninayochomwa mimi, Shirika la Afya Duniani liliipendekeza Julai 2025 kwa mtu ambaye vidonge vimeshashusha virusi vyake na hana homa ya ini B. Usilipuuze hilo la ini. Tenofoviri na lamivudini zilizo kwenye kidonge chako huzuia pia homa ya ini B; ukizitoa bila kupima, homa hiyo inaweza kulipuka na kuliumiza ini. Anayetibiwa kifua kikuu kwa rifampisini haifai kuchomwa. Na kama virusi vyako viliwahi kuishinda efavirenzi au nevirapini, mwambie daktari wazi, kwani rilpivirini ni ya ukoo huohuo.

Na msikidharau kidonge, jamani! Utafiti wa CARES, uliofanyika Uganda, Kenya na Afrika Kusini, ulikuta waliohamia sindano na waliobaki na vidonge wakienda sambamba katika kuvidhibiti virusi. Yule mwenzangu aliyenisema bado anameza, virusi vyake havionekani, na hamwambukizi mumewe, sawasawa na mimi. Yeye anatumia kengele ya simu na kikopo chake kipo wazi juu ya meza, kwa sababu nyumbani kwake kila mtu anajua. Hana anachokimbia. Mimi nilikuwa nakimbia macho ya watu. Jiulize wewe unakimbia nini: kidonge chenyewe, au anayekiona? Kama ni macho ya watu, sindano itakusaidia. Kama ni kliniki unayoikimbia, sindano itakupeleka huko mara sita kwa mwaka.

Leo usiku meza. Kesho omba upimwe homa ya ini B, kisha niandikie majibu.